Pakiti Zisizo na Doa

Mlango wa kontena ulijifunga kwa kishindo. Komeo likaingia mahali pake.

Giza.

Shamimu Mbwana hakupiga kelele. Alijiinua pale alipoangukia, kamera yake ya joto kifuani, akapiga hesabu ya vitu alivyonyang'anywa. Bastola yake, Glock 19, sasa ilikuwa kiunoni mwa Brayan. Simu, imekwenda. Redio ya Motorola aliyoificha chini ya mkoba wa spana, nayo imeonekana. Wiki tatu za kujifanya fundi wa kiwanda zilikuwa zimekwisha kabla hata ya chai ya asubuhi.

"Shamimu!" Sauti ya Nickson Mgaya ilipenya bati. Meneja huyu alikuwa na sauti ya kistaarabu, kama mtu anayesoma risala ya harusi. "Nimekuuliza kwa upole. Katoni yangu moja haipo. Iko wapi?"

"Sijui."

"Haya. Vidonge vya kufukizia mahindi umeviona nikivirusha humo. Sasa hivi kuna ubaridi, vimelala. Jua likipanda vitaamka. Ukikumbuka ilipo, gonga mlango. Ukikaidi, utaondoka pamoja na hao wadudu, dumuzi."

"Bosi, tumemwachia kamera," Brayan alisema. Brayan ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kupakia mizigo, na ngumi zake zilifanya kazi ambazo mashine haikuziweza.

"Mwachie. Ajitazame anavyopoa."

Wakacheka, wakaondoka.

Aliviona kweli vile vidonge. Nickson alikuwa amevaa glovu, akavitawanya juu ya magunia kama anayewarushia kuku mahindi, vingine vikazama chini kabisa kati ya gunia na gunia. Kuviokota vyote gizani ilikuwa kazi ya siku nzima. Shamimu hakuwa na siku nzima.

Alipanda juu ya magunia, karibu na dari, kwa kuwa gesi ile hupenda kukaa chini. Akavuta kilemba chake puani. Akajilazimisha kufikiri.

Na tuseme ukweli, mtego wenyewe aliuingia kwa sababu ya kuijua kazi yake vizuri mno.

Kiwanda kile kilikuwa Ruhembe, katikati ya mashamba ya miwa, kikipaki unga wa lishe. Mashine hujaza pakiti, taya mbili za moto zikabana mdomo wake, plastiki ikayeyuka na kushikana. Kwa macho matupu, pakiti zote ni nzima. Lakini ukiutazama mdomo ule kwa kamera ya joto ungali moto, mshono mzuri huonekana kama mstari wa manjano uliolingana toka mwanzo hadi mwisho. Punje ya uchafu ikinaswa katikati, pale panatokea doa jeusi. Doa hilo la leo ndilo tundu la kesho. Unyevu utaingia, na unga utavunda.

Msimu ule madoa yalikuwa hayahesabiki. Watu wa Ruhembe walikuwa wakichoma miwa kabla ya kuikata, na masizi yaliruka kila mahali. Yalitua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye vikombe vya chai, na kwenye midomo ya pakiti. Hakuna pakiti iliyotoka kwenye mashine ile bila doa, angalau dogo.

Idara ya usalama ilijua kwamba heroini inapita kiwandani. Haikujua inapitaje. Ikamtuma Shamimu, mzaliwa wa kijiji cha Ulaya, hapo hapo wilayani Kilosa, na kamera ya joto ya FLIR yenye mshiko kama wa bastola. Alfajiri ya leo alizipasha midomo pakiti za safu ya nyuma ya stoo kwa draya ya saluni, kisha akazitazama zikipoa.

Mistari safi. Haina doa hata moja.

Pakiti isiyo na masizi haikuzibwa Ruhembe. Ilizibwa kwenye chumba kilichofungwa madirisha, mbali na miwa, kisha ikaletwa hapa kujificha kati ya nyingine. Ndani yake mlikuwa na heroini ya kahawia, iliyochanganywa na unga wa lishe mpaka rangi zikafanana. Leo hii lori lingezipeleka bandarini, na huko kulikuwa na wageni waliokuwa wakizisubiri kwa hamu. Shamimu alikuwa ameshika redio kuwaarifu wenzake pale Brayan alipomkamata mkono.

Mpaka hapo kila kitu kilieleweka. Ila hiyo katoni.

Yeye hakugusa katoni yoyote. Nani mwingine huingia stoo?

Akamkumbuka. Moyo ukampasuka.

Mama Elizabeti, mtunza stoo. Mvidunda wa mlimani, mama wa kanisa, mtu wa kumpa kila fundi kiazi alichotoka nacho nyumbani. Ijumaa alikuja mezani kwa Shamimu huku akijifuta mikono kwenye khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niazime hiyo mashine yako. Kiwanda kimeitolea sadaka shule yetu ya Vidunda, katoni moja ya unga. Wameniambia nibebe yoyote. Mimi sitaki yoyote! Kule kwetu baridi na umande haviishi, pakiti mbovu haimalizi wiki."

"Unakumbuka namna ya kupasha, mama?"

"Si ulinifundisha mwenyewe? Napuliza na draya, natazama inavyopoa. Nitapita safu zote, nitachagua zisizo na doa. Kitu cha watoto hakichaguliwi hovyo."

Shamimu alicheka, akampa kamera, akaenda zake kunywa chai. Alijisikia fahari, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu.

Jumamosi katoni ilipanda mlima. Leo ilikuwa Jumatatu, na shuleni uji hunywewa saa nne.

Wema hauozi, husema waliotutangulia. Wema wa Mama Elizabeti ulikuwa umefika Vidunda umebeba sumu, na aliyemfundisha kuichagua ni Shamimu. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, naye hakuyazuia.

Sasa ndipo mtego ulipobana sawasawa. Akinyamaza, watoto watakunywa. Akisema, Nickson atapeleka watu wenye bastola shuleni kuchukua mali yake, kisha atarudi kummaliza yeye. Mzigo wote utafika bandarini, na miezi ya kazi ya Idara itakuwa imepotea bure.

Hakufikiri sana. Kazi inaweza kuanza upya, mtoto haanzi upya.

Alishuka, akagonga mlango.

"Nickson! Nimekumbuka! Nitasema!"

Hakuna aliyekuja.

Akagonga kwa ngumi. Akagonga kwa buti lake la kiwandani, lenye chuma mbele. Kule kiwandani mashine ya kusaga iliwashwa, ikaanza kunguruma, sauti yake ikameza kila kitu. Halafu akasikia injini ya lori ikipita nyuma ya kontena, ikibadili gia, ikiingia barabara ya Mikumi. Nickson alikuwa ameondoka na mzigo uliobaki. Aliyeachwa kulinda ni Brayan, na Brayan alikuwa na vile vidude vyake vya masikioni, akisikiliza bongo fleva.

Hata kukubali kushindwa hakukuwezekana.

Bati lilianza kupata joto. Kisha ikaja harufu, nyembamba, ya kitunguu saumu.

Vidonge vilikuwa vinaamka.

Alirudi juu ya magunia haraka. Koo lilimwasha. Aliogopa, na ni vizuri kulisema hilo, kwa sababu watu hudhani majasusi hawaogopi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Shamimu ukuta alikuwa nao tayari, tena pande zote nne. Alichokihitaji ni ufa.

Na kama kuna kitu kimoja alichokijua duniani, ni kutafuta mahali palipozibwa vibaya.

Aliwasha kamera.

Kioo kiliwaka, kikamulika uso wake. Alianza na mlango. Mpira wake ulikuwa mpya na umebana. Rangi moja pande zote. Ukuta wa kushoto, zambarau tupu, rangi ya ubaridi. Dari, rangi ya machungwa, zima bila kasoro. Waliopaka rangi kontena hili walipaka kwa mkono mzito, nyeupe juu ya nyeupe, hata ukipapasa huoni maungio.

Akageukia ukuta wa mashariki, upande jua linakotokea.

Akasubiri. Kichefuchefu kilipanda, akakimeza. Kila mwale wa jua uliokuwa ukimwamshia sumu ulikuwa pia ukiupasha ule ukuta. Taratibu, juu karibu na pembe, katikati ya zambarau, kikaanza kutokea kivuli cha manjano.

Mraba.

Ulikuwa na ukubwa wa mto wa kulalia, na pande zake zilinyooka. Hapo palikuwa na bati jembamba, lililokuwa likipata joto upesi kuliko chuma kinene cha kontena. Akaelewa. Zamani kontena hili lilikuwa ofisi ya mzani, na ofisi ya mzani huwekewa kiyoyozi. Kiyoyozi kiliondolewa, tundu likabandikwa kipande cha bati kwa gundi, rangi ikapakwa juu.

Akasogeza kamera karibu. Pande tatu za mraba zilikuwa safi. Upande wa chini, kwenye kona, uzi mwembamba wa rangi nyekundu ulikuwa ukicheza. Hewa ya nje ilikuwa inaingia hapo.

Aliichokoa rangi kwa kucha. Ikabanduka, na chini yake kidole kikatoka cheusi.

Masizi ya miwa.

Walibandika msimu wa kuchoma, bila hata kufuta vumbi. Gundi ilishika masizi badala ya chuma. Lilikuwa kosa lile lile ambalo wiki tatu nzima alikuwa akiwapigia kelele waache, na safari hii alitamani kuwabusu.

Alilala chali juu ya magunia, akaegemeza mabega, akavuta miguu. Alingoja mashine ya kusaga ipandishe mngurumo.

Akapiga teke.

Hakuna kitu.

Akapiga tena. Kona ikalia. Akapiga, akapiga, pumzi ikawa fupi, macho yakaona nyota, na mwangaza mwembamba ukaingia. Teke la mwisho alilipiga huku analia. Bati likakunjika, likaning'inia nje, na hewa yenye moshi wa miwa ikamjaa usoni. Hakuwahi kuvuta hewa tamu kama ile.

Alijipenyeza kichwa kwanza, akachanika bega, akaangukia majani makavu.

Brayan alikuwa upande wa pili, kwenye kiti cha plastiki, mguu ukifuata mdundo. Hakumsikia. Alichokihisi ni mshiko wa kamera ya FLIR nyuma ya sikio, mara moja tu, na kiti kikaanguka naye.

Shamimu akamfunga mikono kwa utepe wa katoni. Alichukua bastola, simu, redio, na ufunguo wa pikipiki. Kisha akainama kando, akatapika, akajifuta mdomo.

"Kituo, Kituo, hapa Kipima."

"Kipima! Ulikuwa wapi wewe?" Mzee Abubakari alikuwa Kilosa mjini, jirani na stesheni, na ndiye aliyekuwa mkuu wake.

"Shikamoo mzee. Nilikuwa nafukizwa."

"Marahaba. Sema."

"Scania nyeupe. Imetoka Ruhembe, inakwenda Mikumi, itapita hifadhini. Nickson yumo, na mzigo wote umo, isipokuwa katoni moja. Kontena huku nyuma lina gesi, watu wasilisogelee."

"Katoni iko wapi?"

"Shule ya Vidunda. Itapikwa uji. Mpigie simu mwalimu mkuu sasa hivi."

Redio ilikwaruza kwa muda. Alimsikia mzee akibonyeza simu nyingine, akibonyeza tena.

"Hapatikani, mwanangu. Mlimani mtandao umekata."

"Basi naenda mwenyewe."

Boxer ya Brayan iliwaka kwa teke moja. Alikatiza mji wa Kidodi kwa kasi, akawaacha wanunuzi wa sokoni wakimlaani, kisha barabara ikaanza kupanda. Mawe, makorongo, kona zisizo na huruma. Mara mbili kizunguzungu kilimyumbisha, na mara moja gurudumu la mbele lilining'inia penye mteremko. Hakusimama. Kichwani mwake aliwaona watoto wamepanga foleni, vikombe mkononi.

Aliwasikia kabla hajawaona. Walikuwa wanaimba.

Shule ya Vidunda ina utaratibu wake tangu enzi za wamisionari. Hakuna anayeonja mpaka wa mwisho amiminiwe, na hakuna anayekunywa kabla sala ya chakula haijaimbwa. Shamimu aliingia uwanjani na pikipiki wakati ubeti wa mwisho unakaribia amina. Watoto walikuwa wamesimama kwa mistari, vikombe vimejaa, mvuke ukipanda.

"Msinywe!" alipiga kelele. "Mwageni! Mwageni wote!"

Wimbo ukakatika. Macho yote yakamgeukia. Mwanamke mgeni, bega linavuja damu, uso mweusi kwa masizi, ameingilia sala na hata salamu hakutoa. Hakuna kikombe kilichomwagwa. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwagi chakula kwa amri ya mtu asiyemjua. Wengine walivisogeza vikombe karibu na midomo, kana kwamba mwizi amekuja.

"Wewe binti!" Mwalimu mkuu, Mwalimu Ida, mwanamke mwenye mvi na mgongo ulionyooka, alisogea mbele. "Umelelewa wapi? Unaingia kwa watu bila hodi, bila salamu?"

Bastola ilikuwa kiunoni. Haingesaidia kitu hapa.

Shamimu alielewa kwamba amenaswa tena, na kwamba huu mlango haufunguliwi kwa teke. Akazima pikipiki. Akatembea, hakukimbia. Akafika mbele ya yule mama, akapiga goti kwenye vumbi.

"Shikamoo mwalimu."

Mwalimu Ida alimtazama. Desturi ni desturi.

"Marahaba."

"Nisamehe kwa kukosa adabu. Naitwa Shamimu, nimetumwa na serikali. Unga huu una sumu. Nakuomba, kwa mdomo wako wewe, waambie watoto wamwage."

Mwalimu Ida aligeuka. Jikoni, mpishi, Mama Agnesi, alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, mwiko mapajani. Asubuhi yote alikuwa akionja onja sukari kama wapishi wote. Sasa kidevu chake kilikuwa kimeangukia kifuani.

Mwalimu aliona. Hakuuliza swali la pili.

"Wanafunzi! Vikombe chini! Mwageni!"

Vikombe vikapinduliwa kwa pamoja, mamia, kwa sauti moja ya maji. Hapakubaki hata kimoja.

Shamimu alikaa pale pale kwenye vumbi.

Mama Agnesi alilazwa ubavu, akachapwa makofi mashavuni, akaitwa kwa jina bila kuachiwa alale. Akapakiwa kwenye gari la misheni kwenda hospitali. Kabla hawajaondoka alifumbua macho, akamgombeza dereva kwa kumkanyaga khanga, na walimu wakacheka huku wanalia. Shamimu alikusanya pakiti zilizobaki, akaipitishia kamera midomo yake mmoja mmoja baada ya kuipasha kwa mvuke wa sufuria. Zote zilikuwa safi.

"Mama Elizabeti alituandikia kikaratasi," Mwalimu Ida alisema polepole. "Alisema ametuchagulia nzuri kuliko zote."

"Alisema kweli, mwalimu. Hakukosea hata moja." Shamimu alizifunga ndani ya gunia. "Kosa si lake."

Watoto walikuwa bado wamesimama na vikombe vitupu. Njaa haijui operesheni. Mdogo mmoja alianza kulia, na wenzake wakamfuata.

Redio ilipata uhai Shamimu alipofika ukingoni mwa mlima.

"Kipima, hapa Kituo. Tumempata."

"Alipigana?"

"Hakuwa na nafasi. Tembo walikuwa wanavuka barabara hifadhini. Yeye mstaarabu, akasimama kuwapisha. Tukamkuta hapo, mbele tembo, nyuma sisi. Mzigo wote uko mikononi. Na watoto?"

"Hakuna aliyekunywa."

Mzee Abubakari aliwapazia sauti wenzake: hakuna aliyekunywa.

"Alhamdulillahi," alimwambia Shamimu. "Unahitaji nini? Daktari? Gari?"

"Unga, mzee. Katoni za kutosha shule nzima, leo hii hii. Za safu ya mbele, zilizozibwa hapo hapo Ruhembe. Na azilete Mama Elizabeti mwenyewe, azichague yeye. Habari hii nitamwambia mimi, uso kwa uso. Asiisikie kwa mtu mwingine."

"Nimwambie achague zipi?"

Shamimu alivaa helmeti ya Brayan, akapiga Boxer teke.

"Mwambie zenye madoa," alisema, akaanza kushuka mlima kwenda kumpokea.